Tangi Lililonawiri

"Mwizi mnaye," alisema Mkurugenzi. "Sasa kwangu mnatafuta nini tena?"

Inspekta hakuketi. Alikuwa akitazama kabati la kioo nyuma ya meza, lenye chupa ndogo za dawa zilizopangwa kwa mstari, kila moja na kifuniko cha bluu. Zote zilikuwa tupu, za kuonyesha wageni.

"Natafuta kilichoibwa," alisema.

"Kimeng'enya."

"Kiliibwa kutoka wapi?"

"Kwenye chupa."

"Chupa zipi zimepotea?"

Mkurugenzi alimgeukia Sajini, kana kwamba mwanamume mwenzake angemwelewa zaidi. Sajini alikuwa anachunguza kiti, kama kitamhimili.

"Hakuna iliyopotea. Nimeshalieleza hili. Chupa zote zilifika hospitali zikiwa zimefungwa. Kilichobadilishwa ni kilichomo. Ametoa dawa, akatia kitu kingine, akafunga."

"Kitu gani?"

"Nitajuaje? Maziwa, ute wa yai. Muulizeni mwenyewe."

"Tumemuuliza," alisema Sajini. "Anasema jina la Mpishi ni la kazini tu. Nyumbani hata yai hajawahi kulikaanga."

Mkurugenzi hakucheka.

Jalada la kesi lilikuwa jembamba. Taasisi hii ilitengeneza kimeng'enya cha kuyeyusha bakteria wa vidonda, hasa wale ambao dawa za kawaida zimekwisha kuwazoea. Hospitali ilianza kukitumia kwa majaribio. Fundi mmoja wa kuchomea vyuma, aliyeunguzwa na mtungi wa gesi, alipakwa dawa hiyo kwenye vidonda asubuhi na jioni. Bakteria hawakutikisika. Vidonda viliharibika, sumu ikaingia kwenye damu, akafa. Maabara ya hospitali ilipopima chupa zilizobaki, ilikuta ndani mna protini, yenye uzito uleule uliotakiwa, lakini haiui chochote. Mkurugenzi akasema dawa imeibwa, akaita polisi. Mlinzi wa getini akakumbuka kwamba msimamizi wa tangi, ambaye kila mtu pale alimwita Mpishi, alikuwa na tabia ya kutoka jioni na kisanduku cha plastiki cha kuhifadhia ubaridi. Mpishi alikuwa na ufunguo wa chumba cha baridi. Alipoulizwa kisanduku kilikuwa na nini, alifunga mdomo na hakuufungua tena. Kesho asubuhi angesimama mbele ya hakimu kwa wizi na kusababisha kifo.

"Uzito uleule," alisema Inspekta. "Mwizi anahangaika vipi kutafuta protini ya uzito uleule, wakati maji ya bomba yangemtosha?"

"Huyo ni mwizi aliyesoma."

"Mpishi amesoma?"

"Ana cheti cha ufundi mitambo."

"Na aliweza kutengeneza kitu kilichoidanganya maabara ya hospitali kwa uzito."

Mkurugenzi aliitazama saa yake.

"Nipe mtu wa kunieleza kazi yenu tangu mwanzo," alisema Inspekta. "Asiwe wewe."

*

Mtafiti mkuu waliyemwita Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kalamu mbili nyweleni, na alikuwa anatafuta kalamu walipoingia. Maabara yake ilikuwa ndefu, na meza zake nyeupe zilikuwa na makovu ya moto na rangi. Kila jokofu lilikuwa na kufuli. Ufunguo wa jokofu la mwisho, lililo kando ya dirisha, ulikuwa umening'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu," alisema Inspekta.

"Na mwingine anayejua kidogo akajifanya anajua sana," alisema Sajini. "Huyo ni mimi."

Daktari akaziona kalamu zake kwenye kioo cha dirisha, akachomoa moja.

"Bakteria ana ukuta," alianza. "Kimeng'enya chetu kinaukata ukuta huo. Ukikatika, bakteria anapasuka na kufa. Hiyo ndiyo dawa. Tatizo ni kwamba kiwanda chetu ni bakteria vilevile. Tumewatilia jeni ngeni, tukawaamrisha watutengenezee."

"Yaani mnamtagisha kuku kisu," alisema Sajini.

Daktari alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Ndivyo hasa. Kisu kitamuua kuku kabla hajataga. Kwa hiyo tunamfanya atage kisu kikiwa ndani ya ala. Tumeunganisha jeni mbili zikawa moja. Ya kwanza ni ya kimeng'enya, ya pili ni ya protini nyingine isiyo na madhara. Zinasomwa kwa mkupuo mmoja, na protini zenyewe zinatoka zimeshikana, ile ya pili imeyafunika makali ya ile ya kwanza. Ala ikiwapo, kisu hakikati. Bakteria anaishi, anazaana, tangi linajaa."

"Halafu?"

"Tunavuna. Tunawavunja bakteria wenyewe, tunachuja protini yetu itoke safi. Kisha tunatia kimeng'enya cha tatu, tunakiita mkasi. Kazi yake ni moja tu, kukata kiungo kati ya kisu na ala. Ala tunaitupa. Kisu kinaingia kwenye chupa."

Inspekta aliuliza swali lililofuata bila kubadilisha sauti.

"Ala haivuji?"

"Unamaanisha nini?"

"Umesema inayafunika makali. Inayafunika yote?"

"Hapana," alisema Daktari. "Hakuna ala iliyo kamili. Makali hutokeza kidogo. Ndiyo maana bakteria wetu ni wanyonge, wanakua kwa kujikongoja. Mavuno yetu tangu zamani ni haba, na tumeshazoea."

Inspekta aliomba aonyeshwe njia nzima kwa miguu, mlango kwa mlango, na kila mlango aliuliza nani ana ufunguo. Mbegu ya bakteria hukaa kwenye jokofu la barafu kali. Kutoka hapo huenda kwenye tangi, na tangi ni mali ya Mpishi. Kutoka kwenye tangi, mavuno huenda kwa mwanamke wanayemwita Mchujaji. Anachokichuja, kikiwa bado na ala yake, huletwa kwa Daktari. Daktari huweka akiba kidogo ya kila mavuno kwenye lile jokofu la dirishani, na kinachobaki hukatwa kwa mkasi, hutiwa kwenye chupa, na chupa hupelekwa kwenye chumba cha baridi.

"Kwa hiyo Mpishi anagusa tangi, na anaweza kuingia chumba cha baridi," alisema Inspekta. "Jokofu la dirishani je?"

"Halimhusu. Mlango wa maabara hii wenyewe haumfungukii."

"Akiba ya mavuno haya imo?"

"Imo."

"Na ya mavuno yaliyotangulia?"

"Imo pia. Kwa nini?"

"Toa zote mbili. Zikate kwa mkasi huohuo, mbele yangu, kisha tuone zinaua au haziui. Kama akiba ya mavuno haya inaua, basi dawa nzuri ilikuwapo, ikabadilishwa baadaye, na Mpishi ana kesi ya kujibu. Kama haiui, hakuna aliyebadilisha kitu."

"Haiwezi kuacha kuua."

"Basi hutapoteza chochote."

Daktari aliuvua ufunguo shingoni. Mkono wake ulikuwa thabiti. Inspekta aliliona hilo, na aliona pia kwamba alifungua droo mbili zisizohusika kabla ya kufikia ile aliyoitaka.

Mkasi ulihitaji muda. Mirija iliwekwa kwenye maji ya vuguvugu, na Sajini akavuta kiti mbele yake, akakunja mikono kama mtu anayelinda benki. Inspekta alimwacha pale, akaenda peke yake kwa Mchujaji.

*

Chumba cha Mchujaji kilikuwa na mirija mirefu ya kioo iliyosimama wima, na kila mmoja ulidondosha tone, ukapumzika, ukadondosha jingine. Mchujaji mwenyewe alikuwa mke wa mdogo wake Mpishi. Macho yake yalikuwa yamevimba, na alivaa barakoa ambayo kazi aliyokuwa akiifanya haikuihitaji.

"Kisanduku kilikuwa na nini?" aliuliza Inspekta.

"Shemeji hajasema?"

"Angesema, nisingekuja kwako."

Mchujaji alipangusa meza iliyokuwa safi.

"Barafu," alisema.

"Barafu gani?"

"Barafu tu, Inspekta. Ya mashine ile pale. Mke wake anauza vinywaji barabarani, na kwao umeme unakatika kila mchana. Shemeji anachota barafu jioni wakati wa kutoka. Asubuhi mke wake anatoka na soda za baridi wakati wenzake wanauza za moto."

"Amekubali kulala mahabusu kwa ajili ya barafu?"

"Hapa ukitoka na kitu cha maabara, hata glavu moja, kazi huna. Na fikiria ikijulikana. Barafu ya mahali penye bakteria, kwenye vinywaji vya watu. Nani atanunua tena kwa mke wake? Nilimwambia, shemeji, sema ukweli utoke. Akaniambia, nikisema barafu watauliza nani alikuwa ananiona nikichota, na anayeniona ni wewe. Tukose kazi wawili kwenye familia moja?"

"Kwa hiyo anakulinda."

"Alisema wakikosa ushahidi watamwachia. Ni mtu wa kuamini watu, shemeji."

Inspekta hakuandika neno. Maelezo ya jamaa wa mtuhumiwa yalikuwa na thamani yake, nayo haikuwa kubwa. Aliinua simu, akampigia mlinzi wa getini.

"Kile kisanduku ulichokiona. Kilikuwa kikavu?"

Mlinzi alifikiri. "Kilikuwa kinachuruzika, afande. Kila siku kinaniachia matone hapa kwenye sakafu yangu, nafuta mimi."

"Mbona hukusema?"

"Niliulizwa kama nimekiona. Sikuulizwa kama kimelowa."

Inspekta alikata simu. Alivuta kiti, akaketi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu asubuhi.

"Sasa nieleze mavuno," alimwambia Mchujaji. "Haya yaliyokwenda hospitali. Yalipita mikononi mwako. Yalikuwaje?"

Mchujaji alishusha barakoa. Kwa mara ya kwanza aliongea kama mtu wa kazi.

"Yalikuwa ya ajabu. Siku zote tunakamua jiwe. Tangi linatoka maji maji, nachuja wiki nzima napata kidogo. Safari hii lilitoka zito kama uji. Mirija yangu iliziba, ikabidi niazime mingine. Mkurugenzi aliagiza keki. Walimsimamisha shemeji mbele ya watu wote wakampigia makofi, yeye anacheka tu, anasema jamani mimi nimewasha tangi kama siku zote."

"Na alikuwa amewasha kama siku zote?"

"Joto lilelile, chakula kilekile cha bakteria. Hakuna alichokibadilisha."

"Kuna kilichobadilika."

"Labda mbegu. Ile ya zamani ilikuwa imeisha, wakapanda mpya."

Inspekta alisimama, akarudisha kiti mahali pake.

*

Sajini hakuwa ameondoa macho kwenye mirija yake. Daktari alikuwa ameandaa vikombe vinne vyembamba vya kioo, kila kimoja na maji yenye ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Ukungu huo, alieleza, ni bakteria hai, mamilioni kwa mamilioni. Wakiyeyuka, maji yatakuwa maangavu mtu aone upande wa pili.

Nyuma ya vioo alikuwa ameweka kipande cha gazeti. Hakuna aliyeweza kusoma neno hata moja kupitia ukungu ule.

Katika kioo cha kwanza alitia maji matupu. Katika cha pili alitia dawa kutoka kwenye chupa iliyorudishwa na hospitali. Katika cha tatu, akiba ya mavuno ya zamani, iliyokatwa kwa mkasi mbele yao. Katika cha nne, akiba ya mavuno mapya, iliyokatwa vilevile, kutoka kwenye jokofu ambalo Mpishi hakuwahi kuligusa.

Walisubiri. Kioo cha tatu kilianza kubadilika taratibu, kama dirisha linalofutwa mvuke. Kichwa cha habari kilijitokeza kwanza, kisha maandishi madogo. Sajini aliinama.

"'Yauzwa, pikipiki, haijatumika sana,'" alisoma.

Kioo cha nne kilibaki na ukungu wake. Cha pili pia, na cha kwanza.

"Huenda mkasi haukukata hiki cha nne," alisema Inspekta. "Kisu kikibaki ndani ya ala, kitaonekana kama hakina makali."

Daktari alikuwa ameshalifikiria hilo, au alitamani liwe hivyo. Aliendesha sampuli zote mbili kwenye kipande chembamba cha ute mgumu kama jeli, kwa umeme, mahali ambapo protini hujitenga kwa ukubwa. Walisubiri tena. Rangi ilipoingia, kila sampuli ilikuwa na mistari miwili ya bluu, mmoja wa kisu na mmoja wa ala, na mistari ya sampuli moja ililingana na ya nyingine kana kwamba imepigwa rula.

"Mkasi umekata sawasawa," alisema Daktari.

"Kwa hiyo kisu kimo, kimetoka kwenye ala, kina uzito wake, na hakikati. Kilikuwa hivyo tangu kabla ya kufika kwenye chupa."

"Ndiyo."

"Basi hakuna aliyeiba chochote."

Daktari aliketi kwenye kiti cha Sajini bila kuombwa.

"Asubuhi uliniambia bakteria hawa ni wanyonge kwa sababu makali yanawaumiza," alisema Inspekta. "Mchujaji anasema safari hii tangi lilijaa kama uji. Mimi si mtu wa sayansi, Daktari. Lakini nikimkuta mtu aliyekuwa anaumwa kila siku ameamka mzima, nauliza kilichokuwa kinamuumiza kimekwenda wapi."

"Jeni hupata makosa," alisema Daktari, akiitazama kalamu mkononi mwake. "Kosa dogo tu, herufi moja kati ya mamia. Kisu kinatoka kizima, kina uzito uleule, lakini makali hayapo. Bakteria aliyepata kosa hilo hana kinachomuumiza tena. Anakua kuliko ndugu zake wote. Ukimwaga bakteria kwenye sahani, kila mmoja anajenga doa lake. Wazima wetu wanatoa vidoti, unavitafuta kwa miwani. Doa likiwa kubwa, linang'aa, hilo ndilo la kuogopa."

"Watu wa kazi yako wanalijua hili?"

"Ni jambo la kwanza tunalofundishana."

"Nani alichagua doa la mbegu mpya?"

Daktari aliirudisha kalamu nyweleni.

"Mpishi," alisema. "Mbegu ilikuwa imeisha, na mimi nilikuwa nasafiri kwenda mkutanoni. Sahani nilikuwa nimeiandaa. Nikampa mlangoni, begi liko begani, nikamwambia achague doa moja alipande."

"Ulimwambia lipi?"

"Sikusema. Siku zote nachagua mwenyewe. Haikunijia kwamba ni jambo la kusemwa."

"Na jaribio hili la leo. Mlilifanya kabla ya kupeleka chupa hospitali?"

"Nilipima uzito. Ulikuwa sahihi. Mavuno yalikuwa mengi kuliko tuliyowahi kuyapata, hospitali inapiga simu, Mkurugenzi anasimama mlangoni. Nikaruhusu."

"Uliposikia dawa haiui, hili halikukupitia kichwani?"

"Lilinipitia."

"Ukanyamaza."

"Mkurugenzi alikuwa ameshawaita ninyi. Mlikuwa na mtu. Nikasema ngoja, pengine kweli kaiba." Alinyanyua uso. "Sikuwa na hakika, Inspekta. Sikutaka kupima, kwa sababu ningepima ningekuwa na hakika."

Mlango ulikuwa wazi, na Mkurugenzi alikuwa amesimama hapo kwa muda ambao hakuna aliyeujua.

"Basi ni hujuma," alisema. "Haikuwa wizi, sawa. Lakini sahani alipewa yeye. Alichagua bovu akijua. Kesi ni ileile, badilisheni tu maneno."

Sajini alimgeukia Inspekta akitarajia amkatize. Inspekta hakumkatiza. Neno la Mkurugenzi lilikuwa na chuki ndani yake, lakini lilikuwa na mantiki pia, na hakimu angeliona hivyo. Mpishi alikuwa ameshikilia sahani hiyo mkononi. Kama alijua maana ya doa kubwa, alikuwa ameua mtu. Kama hakujua, hakuwa na kosa lolote. Kati ya mambo hayo mawili hapakuwa na kingine.

"Sahani iko wapi?" aliuliza.

Ilikuwa kwenye friji ya kawaida, nyuma ya maboksi ya glavu, imefungwa kwa utepe. Inspekta aliivika mfuko wa ushahidi, akaandika tarehe na jina la aliyeitoa. Kwa Daktari alisema kwamba angehitajika kituoni kutoa maelezo, aje na wakili.

*

Mpishi alikuwa mtu mpana mwenye sauti ndogo. Aliingizwa kwenye chumba cha mahojiano bila mkanda na bila viatu, akaketi pembeni mwa kiti kama mgeni asiyetaka kukichafua.

"Barafu tumeijua," alisema Inspekta.

Mpishi alifumba macho. "Shemeji yangu atafukuzwa?"

"Hilo silo lililonileta." Aliweka sahani mezani, chini ya taa. "Unaijua hii?"

Kupitia plastiki, ute mgumu wa manjano ulikuwa umetapakaa vidoti, vidogo kama ncha za sindano. Katikati yao kulikuwa na madoa mawili makubwa, meupe, yenye kung'aa. Yote mawili yalikuwa na alama ya kukwanguliwa.

"Naijua. Sahani ya mbegu. Daktari alinipa siku ile anasafiri."

"Nionyeshe ulipochukua."

Kidole chake kinene kilikwenda moja kwa moja. "Hapa. Na hapa, hili la pili, nilichukua kidogo nikaweka akiba, la kwanza likigoma nisirudi nyuma."

Inspekta aliinamia sahani. Hakutaka uso wake umwambie lolote, wala sauti yake.

"Kwa nini haya mawili?"

Mpishi alishangaa kuulizwa. "Si unayaona mwenyewe? Haya mengine ni punje tu, hayana hata afya. Nikasema kwa muda wote tunaohangaika na tangi hili, leo acha nianze na lenye nguvu."

"Tuseme ungekuwa na nia mbaya. Unataka mavuno yaharibike, mtu asijue. Ungechukua lipi?"

"Mimi?"

"Nimesema tuseme."

Aliitazama sahani kwa makini, kama mtu anayetaka kusaidia. Kidole chake kilizunguka, kikatua juu ya kidoti kidogo kuliko vyote, karibu na ukingo.

"Hiki," alisema. "Hiki hakifai kabisa. Lakini afande, kuna mtu na akili zake anaweza kupanda hiki?"

Sajini, aliyekuwa ameegemea ukuta, alitoka bila kuambiwa. Walisikia droo ikifunguliwa chumba cha pili. Aliporudi alikuwa na mkanda na jozi ya viatu, akaviweka mezani kando ya sahani, akaongeza fomu ya kuachiwa.

Mpishi aliangalia viatu vyake, kisha Inspekta.

"Nimesema nini?"

"Umesema hukujua."

"Sikujua nini?"

Inspekta alikuwa na haki ya kumwacha aende. Maelezo yangefika kwake baadaye, kwa kinywa cha Daktari au cha wakili, yakiwa yamelainishwa au yametiwa chumvi. Alimweleza yeye mwenyewe, kwa mpangilio, kama alivyoelezwa. Alitaja kisu na ala, makali yanayotokeza, vidoti vinavyodumaa kwa sababu vinafanya kazi, na madoa yanayonenepa kwa sababu yameacha kuifanya. Alisema kwamba jambo hilo lilijulikana na mtu mwingine, kwamba mtu huyo alipaswa kumwambia na hakumwambia, na kwamba kulikuwa na jaribio ambalo lingegundua kosa na halikufanywa. Hayo yote yangeandikwa, na jina lake lisingekuwa kwenye kesi.

Mpishi alisikiliza hadi mwisho. Alivaa kiatu cha kulia, akafunga kamba, akashika cha kushoto na kubaki nacho mkononi.

"Kwa hiyo yule mchomeaji alipakwa la kwangu," alisema.

"Alipakwa dawa iliyoruhusiwa na Daktari."

"Iliyotoka kwenye doa nililochagua."

"Ndiyo," alisema Inspekta.

Mpishi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali hesabu baada ya kuirudia. Kisha alivaa kile kiatu, akapitisha mkanda kwenye suruali na kusimama. Sajini alimshikia mlango. Nje, kwenye korido, mke wake alikuwa ameinuka kutoka kwenye benchi, na mdogo wake, na Mchujaji ambaye hakuwa amevua koti jeupe la kazi.

Mpishi hakutoka. Aliwapa mgongo, akaongea kwa sauti ya chini ili wasisikie.

"Afande, wakiniuliza niwaambieje?"

"Waambie hukuiba."

"Hilo wanalijua tangu mwanzo," alisema Mpishi.